Nishike, Nishushe

Dada yangu hajawahi kwenda mahali bila karatasi. Siku aliyoolewa alikuwa na karatasi ndani ya kiganja, imekunjwa mara nne, inasema nani atamshika mama mkono, nani atakaa karibu na mlango, na nani amzuie mjomba asipewe nafasi ya kuhutubia. Mjomba alihutubia hata hivyo, lakini kwa dakika tano tu, na hilo familia yetu inalihesabu kuwa ushindi.

Ananizidi miaka sita. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, kule nyuma kabisa, kwenye jengo lenye bomba refu la moshi. Alipanga zamu za watu kumi na mmoja, mashine nne na boila moja yenye kiburi, ili shuka lililotoka wodi ya wazazi asubuhi lirudi kitandani limenyooshwa kabla jua halijapinda. Ukimwambia mtu wa namna hiyo twende tukatembee Jumamosi, atakuuliza tunatembea kuelekea wapi, na nani anatangulia.

Mimi ni fundi viatu. Nina kibanda, nyundo, gundi, na mdomo usioomba ruhusa kwa mtu. Nasema haya mapema ili mjue nani anawasimulia, maana kisa hiki kikifika mwisho mtataka kujua ni nani wa kulaumiwa, na sina haja ya kuwachosha.

Mambo ya kupanda miamba aliyaleta Mwalimu. Ni mwalimu wa hesabu, mpole, mwembamba, na siku moja aliniletea viatu vya ajabu: vidogo kuliko mguu wake, soli laini, pua imechongoka. Nikamuuliza kama hivyo ni viatu au adhabu. Akaniambia ni vya kupandia mwamba, kwa kamba, wikendi, na kwamba si lazima uwe nyani. Kuna njia rahisi hata kwa watu wenye vitambi. Nikajitazama tumbo, nikaona ameniita kwa jina.

Safari ya kwanza tulikwenda watatu: Mwalimu, mimi, na fundi umeme mmoja tunayemwita Mrefu, tuliyemchukua kwa kuwa ndiye mwenye gari. Tulisahau maji. Tukaenda kwenye mwamba usio wenyewe. Kamba tukaikuta imefungana fundo kama nywele za mtoto aliyekimbia kitana. Tulirudi tumebabuka pua, na dada akatutazama kuanzia juu hadi chini akauliza, "Nyinyi mlikwenda kupanda au kupotea?"

Ijumaa iliyofuata alikuja kibandani na karatasi.

Karatasi zikawa kitabu. Alikishona mwenyewe kwa uzi wa kushonea mashuka, akitumia ratiba za zamu za zamani. Upande mmoja umeandikwa nani anafua na nani anapiga pasi, upande wa pili miamba. Kila njia ina ukurasa: urefu wake, jua linaipiga saa ngapi, kivuli kiko wapi, nani anapanda, nani anashika kamba, saa ngapi kila mtu awe amerudi garini. Na kila njia ina daraja lake. Aliweka manne: rahisi, rahisi lakini, wastani, wastani hasa. Baada ya hapo alipiga mstari mwekundu na kuandika chini yake, "Si letu."

Hiyo "rahisi lakini" ndiyo iliyotuumiza magoti. Mrefu aliwahi kuning'inia katikati ya njia moja, suruali imepasuka, akalalamika, "Dada, hii lakini yako ni kubwa kuliko rahisi yenyewe!" Dada akamjibu kutoka chini kwamba ndiyo maana imeandikwa.

Kanuni zake zilitoka kwenye chumba cha kufulia. Pale mashine zikinguruma husikii hata jina lako. Siku moja, kabla sijaanza mimi kupanda miamba, mtu alipiga kelele "funga!" na mwenzake akasikia "fungua", mvuke ukatoka, ukaondoka na ngozi ya mkono. Tangu siku hiyo dada alikataza maneno mawili ya kazi yafanane sauti. Kwenye mwamba akatupa mawili: "kaza", maana yake nishikilie hapahapa nipumzike, na "shusha", maana yake nirudishe chini. Halafu kanuni ya tatu, ambayo aliipigia mstari mara mbili: ukisikia nusu, uliza. Mshika kamba apaze sauti, "Umesemaje?" na asiguse kamba mpaka ajibiwe.

Tulimcheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Kati ya njia zote kulikuwa na moja tuliyoiita Subira. Daraja lake wastani, haina hila, ila ni ndefu na haitaki pupa. Juu kabisa ina kibaraza cha jiwe, upana wa kitanda cha mtu mmoja, na ukikaa pale unaona mji wote: mapaa, barabara, uwanja wa shule, na upande wa kushoto bomba la moshi la hospitali. Kila aliyefika alishuka akisema, "Dada, nimeuona moshi wako." Naye hakukosa kuuliza, "Wa rangi gani?" Ukiwa mweupe, sawa. Ukiwa mweusi, boila haijasafishwa, na hapohapo chini ya mwamba anatoa simu kumpigia mtu wa zamu. Yule bwana wa boila aliishi miaka mingi akiamini ana mchawi. Hakujua kwamba kila Jumamosi kuna mwalimu wa hesabu ananing'inia mlimani akimpeleleza.

Lakini dada mwenyewe hakuwahi kuuona. Njia fupi fupi za rahisi alizipanda zote, lakini kwenye Subira yeye ndiye aliyekuwa mshika kamba daima, kwa sababu kila aliyeipanda alitaka ashikwe na yeye. Ukishikwa na dada yangu unaweza kulala usingizi katikati ya jiwe. Alikuwa na msemo wake: "Aliye juu mngoje chini." Watu wengine huutumia kumwombea mabaya aliyepanda cheo. Yeye aliufanya kazi. Alisimama pale, miguu imepanuliwa, shingo imeinuliwa, akawangoja watu wote washuke salama. Niliwahi kuhesabu kwenye kitabu: watu thelathini na wanne walifika kile kibaraza kwa mikono yake.

Mikono hiyo ndiyo iliyoanza kumsaliti. Asubuhi vidole vilikuwa havikunji. Akadhani ni uchovu, akapaka mafuta, akavaa glavu. Daktari wa ghorofa ya juu, ambaye makoti yake yeye ndiye aliyeyafua miaka yote hiyo, akampima na kumwambia ni baridi yabisi, imekwishaingia kwenye viungo. Akamwambia, "Kama kuna jambo unataka kulifanya kwa mikono hii, lifanye sasa. Usingoje mwaka uishe."

Alikuja kibandani akanyoosha vidole juu ya meza yangu, katikati ya visigino na misumari, kana kwamba ananiletea nivitie soli. Akasema, "Mdogo wangu, nataka kupanda Subira. Nataka nikauone moshi wangu."

Nilishangaa neno "nataka". Dada husema "watu wanahitaji", "zamu inadai", "mama amesema". Nilimwitikia haraka, nikafanya mzaha kuhusu umri wake, nikachukua kipimo cha mguu. Nilimtengenezea viatu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Hilo nalisema kwa sababu ndilo jambo pekee la siku zile ambalo sijutii.

Ukurasa wa Jumamosi hiyo aliuandika kwa makini. Mpandaji: mimi. Mshika kamba: mdogo wangu. Na pembeni, kwa herufi ndogo: boila ipewe kuni saa nne kamili. Alikuwa amempigia bwana wa boila amwagize hivyo, ili saa atakayofika juu moshi uwe mwingi.

Basi tukaenda. Asubuhi ilikuwa nzuri, upepo kidogo. Mwalimu alizunguka kwa nyuma, kwenye njia ya miguu, akafunga kamba juu ya kibaraza, penye vichaka vinavyoficha mji, akarudi. Mrefu alikuwa na chupa ya chai. Dada akavaa mkanda, akafunga fundo, akalikagua, akanikagua na mimi, akarudi kulikagua fundo.

"Dada, ukichoka sema tu," nikamwambia. "Si aibu."

"Nimekusikia."

"Nasema tu. Umri nao ni cheo."

"Nimekusikia, mdogo wangu. Shika kamba."

Akaanza kupanda. Alipanda kama anavyofanya kazi: mguu, mkono, anatulia, anafikiri, mguu tena. Nilimnong'oneza Mwalimu, "Akifika kwenye ule ufa atarudi." Akaupita ufa. Nikasema, "Basi pale penye kichaka." Akakipita kichaka. Mwalimu akatabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kuudhika. Nilikuwa nimekwishamtangaza kushindwa mbele za watu, na yeye anaendelea kupanda tu, ananiumbua. Hivyo ndivyo nilivyo. Nampenda dada yangu, lakini siku ile nilipenda zaidi kusema "si nilisema?"

Alisimama mkono mmoja tu chini ya kibaraza. Sisemi kama msemo. Angenyoosha mkono, kiganja kingegusa ukingo. Akaegemeza shavu kwenye jiwe. Nikaona anatikisa vidole vya mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu akaita.

Upepo ulikata neno. Nilisikia "ni", nikasikia "shi" au "shu", nikasikia "e" ya mwisho. Nikasema moyoni: nishushe. Nikasema kwa mdomo: "Haya! Si nilisema?" Nikaanza kuilegeza kamba.

Mwili wake ukageuka, ukaelekea upande wa bondeni, na aliyokuwa akiyasema yakaenda huko. Mrefu akainua uso kutoka kwenye chai. "Anasema kitu," akasema.

"Anashukuru," nikamjibu.

Nikamshusha vizuri sana. Polepole, bila mshtuko, kama alivyonifundisha mwenyewe. Miguu ikagusa ardhi na alikuwa hana sauti. Alisubiri pumzi irudi, kisha akasema taratibu, "Nilisema nishike."

Tulipokuwa wadogo, mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mtaro na ubao wa kuvukia. Mimi niliuogopa ule ubao. Kila asubuhi ya shule nilisimama mwanzoni mwake nikasema, "Dada, nishike," naye alirudi nyuma, akanipa mkono, tukavuka. Lilikuwa neno langu. Sikumbuki hata mara moja yeye kuniambia mimi. Na kule juu, vidole vimemgomea, mkono mmoja kabla ya kufika, akalisahau "kaza" aliloliandika mwenyewe, akachukua neno la nyumbani.

"Nilisikia nishushe," nikasema.

Mwalimu akatazama viatu vyake. Mrefu akamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Dada akajaribu tena hapohapo. Akapanda kimo cha mtu, vidole vikafunguka vyenyewe, akarudi chini. Ilikuwa saa nne na robo. Moshi ulikuwa unatoka, bila shaka, kama alivyoagiza.

"Tutarudi Jumamosi ijayo," akasema, akaandika.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha. Iliyofuata mfanyakazi wake aliugua, akashika zamu yeye. Ya tatu, hali ya hewa ilikuwa safi, gari lilikuwepo, vidole vilikuwa na nafuu, na mimi ndiye niliyempigia simu. Shule zilikuwa zinafunguliwa, viatu vya watoto vimejaa kibandani hadi dirishani. Nikamwambia, "Dada, mwamba haukimbii."

"Kweli," akasema. "Mwamba haukimbii."

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakusema huumiza na vidole. Msimu wa baridi ulipokuja dada alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili. Hospitali ikampa kazi ya mezani, baadaye wakamuaga kwa maneno mazuri na saa ya ukutani. Alisema angalau saa ile haihitaji kukunjwa.

Safari hatukuziacha, wala yeye hakuacha kuzipanga. Anakuja nasi, anakaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mwamba, anasimamia. Na mimi kwa miaka miwili nilimsimulia kila mgeni kisa cha siku ile, na katika simulizi zangu upepo ulizidi kuwa mkali. Mwanzo ulikuwa upepo. Baadaye ukawa upepo wa kung'oa mabati. Niliubebesha upepo kila kitu, kwa kuwa upepo hauna dada.

Siku moja nilifungua kitabu kutafuta njia, nikaangukia ukurasa ule. Chini ya jina langu na lake alikuwa ameandika: "Neno lililosemwa, nishike. Neno lililosikika, nishushe. Kosa ni langu, nilitumia neno lisilo la kanuni." Na chini zaidi kanuni mpya: "Nishike lisitumike." Nilikifunga kitabu. Nilipaswa kusema siku ileile. Sikusema. Nilienda kugonga misumari.

Jambo jingine nililiona na nikajifanya sijaliona. Tangu siku ile, hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa mimi kuwa mshika kamba. Ni Mwalimu, au Mrefu. Nilijiambia ananihurumia, hataki nikumbuke.

Ijumaa iliyopita alikuwa kibandani kwangu. Siku hizi yeye husema na mimi ndiye ninayeandika, maana kalamu humponyoka. Nilikuwa nimemtengenezea viatu visivyo na kamba, vya kuingiza mguu tu, na alikuwa anavijaribu. Akaingia muuguzi mmoja kijana anayetaka kuanza kupanda nasi, akasoma kanuni kitabuni, akacheka. "Jamani, mbona nishike imekatazwa? Lina kosa gani neno zuri hivi?"

Nikaanza kama kawaida. "Siku hiyo upepo..." Dada alikuwa ameinama, anasukuma kisigino ndani ya kiatu, vidole vyake vimepinda vyote upande mmoja. Nikaiweka kalamu chini. Muuguzi akaona mambo ya watu, akaaga, akasema atakuja kesho.

"Dada," nikasema. "Upepo haukuwa mkali kiasi hicho."

Akaendelea kusukuma kisigino.

"Nilisikia nusu. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshaamua kwamba utashindwa, nikasikia nilichokitaka. Na Mrefu aliponiambia unasema kitu, nikamwambia unashukuru."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba hukuuliza. Nilikuwa juu pale, nimeshaita. Nikajua sikusema neno lenyewe, nikasema hakuna neno, ataniuliza umesemaje, nitamwambia kaza." Kiatu kikaingia. Akakanyaga chini kukipima. "Nikakaa nakusikiliza. Nikangoja uniulize."

Nikasema, "Nisamehe, dada." Akasema alikwishanisamehe zamani, kwenye gari, kabla hatujafika nyumbani, na kwamba kiatu cha kushoto kinabana.

Nikamvua kiatu, nikakiweka kwenye kalibu kitanuke. Akanisukumia kitabu.

"Andika. Jumamosi. Subira. Wastani. Watu wanne."

Nikaandika. Sikuwa nimeigusa Subira tangu siku ile, na yeye alijua.

"Mpandaji wa kwanza, wewe," akasema. "Ukifika juu uangalie rangi ya moshi, uniambie."

"Mshika kamba?" nikauliza.

Alifikiri kidogo, kwa haki, kama anavyofikiri mambo ya zamu.

"Mwalimu," akasema.

Nikaandika Mwalimu.